Pingamizi Dhidi ya Kuchinjwa kwa Jaji, Jogoo Asiyewika

Chumba cha Watoto,
Mlango Unaobana,
Nyumbani.
Alhamisi, baada ya shule.

Kwa: Baba, Kiti cha Dirishani, Sebuleni.
Kupitia kwa: Mama, Jikoni (Mama, tafadhali usicheke mpaka Baba amalize kusoma).

Mheshimiwa Baba,

YAH: HUKUMU YA JAJI KUINGIA SUFURIANI SIKU YA JUMAMOSI

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwa kuwa nakusikia ukikohoa ng'ambo ya ukuta, natumaini pia kikohozi kitapungua. Sisi huku chumbani hatujambo.

Najua utajiuliza kwa nini mtoto unayelala naye nyumba moja anakuandikia barua kama mtu aliye safarini. Baba, unanijua. Umenisomesha lugha mbili, na mtu akinikazia macho, zote mbili hutokea mlango wa nyuma. Jana mezani uliposema, "Jogoo gani huyu kazi yake kula tu, hata kuwika hawiki? Jumamosi wenzangu wa ofisini wakija, aingie sufuriani," nilifungua mdomo ili nimtetee. Nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Mama akanisogezea hata hivyo, kwa huruma, nikaila kwa aibu, na ndiyo maana niliamka na kiu.

Lakini wewe mwenyewe, uliyezeekea masijala, husema kila siku kwamba neno lisiloandikwa ni upepo. Basi hili nimeliandika.

Kabla ya malalamiko, nikukumbushe chanzo cha mradi wangu wa kuku. Nyumba hii ina vyama viwili. Chama cha Mama kinataka mayai. Chama chako kinataka mapaja. Kuku wa Mama, wale wadogo wa rangi ya majivu, hutaga utadhani wanashindana, lakini ukimchinja mmoja itabidi umtafute kwenye mchuzi kwa tochi. Kuku wa Bibi, wale warefu wenye kifua kama meza, wana nyama ya kutosha, ila hukomaa polepole na hutaga wakibembelezwa. Zote ni mbegu za zamani, hazitaki dawa nyingi wala chakula cha dukani. Nikaomba kibali cha kuzichanganya, nipate kuku wa kazi mbili, anayetaga vizuri na anayelika vizuri, ili nyumba ipate amani. Ulikubali. Bibi akaja na kifaranga kikapuni, akakipindua miguu juu, akakagua vidole vyake, akatangaza, "Huyu jogoo. Mimi kwenye kuku sijawahi kukosea." Nikamwita Jaji, kwa sababu humsikiliza kila mtu, huinamisha kichwa upande mmoja, halafu hasemi kitu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jaji amehukumiwa bila kusikilizwa. Hukumu ilitolewa mezani, yeye akiwa uani nyuma ya pipa la maji, akichakura. Hata mwizi wa mahindi huulizwa jina.

2. Kutowika si kosa. Wahenga walishasema kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini, na Jaji ametoka shambani kwa Bibi. Mtu hawezi kuhamishwa utotoni, akaletwa kwenye uwanja wa saruji, kisha akadaiwa kelele. Wahenga hao hao walisema likiwika lisiwike kutakucha, na mimi ni shahidi: tangu Jaji aje, hakuna hata siku moja ambayo jua limegoma kutoka kwa sababu yake. Tena naomba niseme jambo ambalo nisingeweza kulisema mbele yako. Kila unapouliza, "Asiyetoa sauti ana faida gani?" unakuwa unamtazama Jaji, najua. Ila mimi ndiye ninayeacha kutafuna. Mwaka jana wageni walipokuja nilijificha stoo na gunia la mkaa mpaka wakaondoka, na hakuna aliyechemsha maji ya kuninyonyolea.

3. Kazi ya ujogoo ameifanya. Mitetea wa Mama wameatamia, wametotoa, na vifaranga wanakimbia uani. Vifaranga hawadondoki kutoka darini. Ni kweli sijawahi kumwona Jaji akishughulika na kuku yeyote kwa namna ile. Nimemvizia. Yeye hulala nao, hula nao, huoga vumbi nao, basi. Nimehitimisha kwamba ni mstaarabu na mambo yake huyafanya faraghani, tofauti na jogoo mmoja nitakayemtaja sasa hivi.

4. Huyo jogoo mmoja ni Meneja, mali ya jirani yetu fundi cherehani. Baba, unamfahamu. Ni yule kishingo, shingo tupu nyekundu kama mtu aliyevaa shati akasahau kola. Huwika alfajiri, huwika adhuhuri, huwika cherehani ikianza na huwika cherehani ikinyamaza. Kwenye uzio wetu kuna tundu, na Meneja hupita humo akiinamisha kichwa kama mkaguzi. Nililiziba kwa chandarua kuukuu. Alikipokea kama pazia.

Sasa huyo fundi, kwa mdomo wake, mbele ya wateja wake wawili, ameniambia, "Binti, hao vifaranga ni wajukuu zangu. Watazame shingo!" Mimi nikasema ndiyo, kwa sababu nilikuwa naogopa kusema hapana, kisha nikaingia ndani nikasema hapana ukutani.

Nakiri kwamba vifaranga wengi wana shingo tupu. Nakiri pia kwamba mwalimu wetu wa baiolojia, anayefundisha kwa ile lugha nyingine, alitueleza kwamba shingo tupu ni sifa yenye nguvu, mzazi mmoja akiwa nayo yatosha watoto kuitoa. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani na nikalipata. Lakini mtihani ni wa shuleni na jirani ni wa nyumbani. Yapo maelezo mengine ya shingo hizo ambayo fundi hakuyafikiria. Huenda ni joto. Huenda mitetea, walipokuwa wakiatamia wakiwa wameelekea uzio, walimtazama Meneja kupita kiasi, na kitu ukikitazama sana hukuingia. Huenda Jaji ana mjomba wa mbali mwenye shingo ya hivyo ambaye Bibi hapendi kumzungumzia. Kila ukoo una mtu kama huyo. Wa kwetu analala kwenye kochi letu hivi sasa.

Kwa hiyo nadai fundi aifute kauli yake pale uzioni, kwa sauti, wateja wakiwepo. Mimi nisiwepo.

5. Tukishakubali kwamba asiyetoa sauti aliwe, basi sheria iwe msumeno, ikate mbele na nyuma. Saa ya ukutani sebuleni haijagonga tangu nikiwa darasa la tatu, ipikwe. Honi ya gari lako hulia mvua ikinyesha tu. Ipikwe siku za jua. Mjomba hutoa sauti akiwa usingizini tu, na sijui sheria inasemaje hapo, lakini ana mwili wa kutosha wageni wote. Halafu, nikifuata hesabu mpaka mwisho kwa uaminifu, nafika kwangu. Mimi ndiye kiumbe kimya kuliko wote katika boma hili. Jaji angalau hukwaruza.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo:

(a) Hukumu isimamishwe mara moja, na sufuria kubwa irudishwe juu ya kabati.

(b) Tundu la uzio lizibwe kwa mabati na misumari kabla ya Jumamosi, ili damu ya Jaji isichafuliwe na watu wa kujipenyeza.

(c) Ikiwa lazima kelele ndiyo iwe kipimo, aliwe mwenye kelele. Sitaji jina. Ana shingo tupu.

(d) Siku ya Jumamosi mimi na Jaji tubadilishane kazi. Umeshasema nitoke nisalimie wageni, nieleze ninasoma nini na nataka kuwa nani. Baba, nimejaribu mbele ya kioo na hata kioo kilinitisha. Jaji aletwe sebuleni, aketishwe kwenye kiti cha mgeni, awasikilize wenzako habari za ofisini huku ameinamisha kichwa. Wataondoka wakisema hawajawahi kukutana na kijana mwenye adabu kama yule. Mimi nifungiwe bandani na maji na punje za mtama. Nitakuwa salama, na sitawika.

Naambatanisha unyoya mmoja wa Jaji kama kielelezo. Aliutoa mwenyewe.

Nikiomba radhi kwa kukuchosha macho, nabaki mtoto wako mtiifu ninayekuogopa kidogo na kukupenda kuliko ninavyoweza kutamka,

Mwanao wa kwanza,
Mfugaji.

Nisalimie Mama, ingawa ndiye aliyekuletea barua hii. Nisalimie Mjomba akiamka. Nisalimie Bibi ukimpigia simu, na umwambie kifaranga wake ana wakili. Wasalimie na wenzako wa masijala wote, na uwaombe wasije.

Nyongeza: Ijumaa, kabla ya kwenda shule.

Baba, barua iliyo hapo juu bado iko mikononi mwangu. Ilikuwa nikupe wakati wa chai, lakini kimetokea kitu.

Nilikuwa nafunga viatu nikasikia uani ukelele ambao sijausikia tangu tufuge. Nilidhani ni kicheche. Nikatoka na kiatu kimoja. Mama akatoka na mwiko. Mjomba alitoka akiwa macho. Fundi cherehani akachungulia juu ya uzio, utepe wa kupimia shingoni, akauliza, "Nani anachinjwa?"

Hakuna aliyekuwa anachinjwa. Alikuwa Jaji. Amesimama kwenye lile karai bovu la kufulia, kifua mbele, anapiga kelele mtaa mzima usikie, na chini yake kuna yai. Kubwa, la kahawia, bado lina joto. Nimelishika.

Mama alilitazama yai, akamtazama Jaji, akasema, "Mama yangu na vidole vyake!" Kisha akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka mwiko ukaanguka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, lalamiko la pili limekufa. La tatu limezikwa pamoja nalo, maana ule ustaarabu wa faraghani sasa unaeleweka. Mjomba wa mbali namwomba radhi. Vifaranga ni wa Meneja, wote, shingo na kila kitu, na mtihani ulikuwa sahihi.

Ombi langu (a) bado limesimama, ila kwa sababu nyingine kabisa: sheria ya Mama, ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuivunja, inasema kuku anayetaga haguswi na kisu. Ombi (b) nalifuta na kuligeuza. Tafadhali tundu la uzio lisizibwe, lipanuliwe kidogo. Mradi ulikuwa sawa, nilikosea tu nani ni bibi harusi. Jaji ana mwili wa ukoo wa Bibi na ametaga bila kubembelezwa, Meneja haachi kazi, na vifaranga wao ndio huenda wakampa Mama mayai na wewe mapaja. Chandarua nimekiondoa.

Kuhusu (c), ilibidi niende kwa fundi kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Nilikwenda kwa miguu yangu, Baba, na kiatu kimoja. Wateja walikuwepo. Nikamwambia, kwa mdomo huu huu, kwamba alisema kweli na mimi nilimkatalia ukutani, na kwamba nilikuwa nimeomba jogoo wake aliwe. Sauti yangu ilitoka nene, sijui ilikuwa wapi siku zote. Fundi akazima cherehani. Akasema, "Sasa binti, sisi si tumekuwa wakwe? Na mkwe hachinjwi." Kisha akanipimia sare mpya bila kuulizwa, akisema mikono yangu imerefuka.

Kwa hiyo Jumamosi hakuna kuku. Mama anasema maharage yapo.

Ombi (d) nalifuta pia. Jaji hawezi kukaa na wageni kwa sababu ana shughuli. Na nimemtazama vizuri asubuhi hii, Baba. Miezi yote hiyo tulidhani ana haya. Kumbe alikuwa hajapata la kutangaza, na alipolipata hakuomba chumvi.

Wageni wakibisha hodi, nitafungua mimi.