Mimi, Shemeji na Diski Iliyojaa

Jumatatu, 9 Juni

Diski kuu ya redio imejaa tena. Programu ya kuisafisha niliiweka mimi. Kila asubuhi inajiwasha yenyewe na kufuta mafaili ambayo hayajafunguliwa kwa muda mrefu. Leo imekwama njiani na kuniandikia: huna ruhusa. Mimi! Niliyepitisha nyaya za jengo hili kwa mikono yangu, sina ruhusa.

Aliyezifunga hizo folda ni shemeji, mdogo wa mke wangu. Nilimleta mwenyewe hapa kazini, hata shati la usaili nilimwazima. Sasa yeye ni Mkuu wa Mitambo na mimi ni fundi wake. Nikamuuliza nifanyeje. Akasema, kwa upole wake ule unaonichefua, kwamba programu ikinyimwa ruhusa iiruke folda hiyo, iitaje kwenye ripoti, iendelee na nyingine. Kisha mimi nimuulize mwenye folda. Yaani nimuulize yeye.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa. Nimeiamuru programu isiripoti kosa lolote. Ripoti ya leo imetoka safi kama sahani iliyolambwa. Mkurugenzi kaisoma, kanipongeza mbele ya watu. Shemeji naye alipiga makofi. Machache, lakini nilikuwa nayasikiliza.

Alhamisi, 12 Juni

Taarifa ya habari ya mchana haikurekodiwa. Diski imejaa pomoni. Msomaji wa habari alitoka studio akauliza fundi wa zamu ni nani, kana kwamba hatunywi chai meza moja. Mkurugenzi akataka kujua imekuwaje, na ripoti zinasema shwari. Nikamjibu kwamba ripoti hazina kosa hata moja. Hilo ni kweli tupu.

Baadaye nikamwendea shemeji, nimejikunja kama mgonjwa. Nikamwomba neno lake la siri, mara moja tu, nilitafute tatizo. Akasitasita. Akasema haifai, kila mtu aingie kwa jina lake. Nikamkumbusha alikaa kwangu muda gani kabla ya kupata kwake. Akanipa, macho chini.

Ila akanisihi nisiguse folda ya Bibi Salamu. Huyo mama ndiye aliyekuwa akisoma salamu za wasikilizaji tulipokuwa wadogo. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikaondoka isirudi. Kanda zake za zamani zimeoza. Kilichobaki ni kile shemeji alichokihamishia kwenye diski, na nakala nyingine hajatengeneza. Jumamosi Bibi analetwa na binti yake, aje ajisikilize.

Sikuigusa hiyo folda. Niliipa programu mamlaka yote ya shemeji, nikaenda zangu nyumbani.

Ijumaa, 13 Juni

Diski imepata nafasi ya kuchezea mpira. Programu haikunyimwa ruhusa popote. Folda ya Bibi Salamu ipo palepale, sikuigusa, kama nilivyoahidi. Ndani hamna kitu.

Shemeji kashinda akihangaika kuyarudisha yale mafaili. Vipindi vya asubuhi vilikuwa vimesharekodiwa palepale yalipokuwa. Mkurugenzi akauliza aliyefuta ni nani. Mashine ikalitaja jina la shemeji. Shemeji akanitazama. Nikatazama feni. Akasema neno la siri ni lake, basi lawama ni yake.

Hata akianguka, lazima aanguke kwa heshima. Ananiudhi mno.

Jumamosi, 14 Juni

Bibi Salamu alikuja amevaa kama anayekwenda harusini. Shemeji alichuchumaa mbele ya kiti chake, akamwambia, mama, sauti yako imepotea mikononi mwangu, nisamehe. Binti alianza kulia. Bibi akavaa visikilizio hata hivyo, akakaa navyo, amefumba macho, na hakuna kilichokuwa kikisikika. Alipovivua alimwekea shemeji mkono kichwani.

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo nikikaza waya uliokwisha kukazwa. Nikajifuta macho. Studio ile ina vumbi.

Nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: ni kweli mdogo wake ndiye aliyefuta? Nikasema mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Kisha akachukua mto wake, akahamia chumba cha watoto.

Jumatatu, 16 Juni

Shemeji kapelekwa stoo kuhesabu betri. Kaimu Mkuu wa Mitambo ni mimi. Kiti kinazunguka. Hakuna aliyenipongeza. Msomaji wa habari kahamishia chai yake meza nyingine, na mke wangu amepeleka chakula kwa mdogo wake kabla ya kuniandalia mimi.

Shemeji alikuja kunikabidhi funguo. Akanionyesha alivyoitengeneza programu yangu bila kuambiwa. Sasa kabla ya kufuta chochote inasimama, inamuuliza mtu: ndiyo au hapana. Akaniomba nisome kila swali hadi mwisho ndipo nijibu. Nikamshukuru, nikamfungulia mlango atoke.

Maswali yenyewe hayaishi. Mtu wa cheo changu hawezi kukaa akijibizana na mashine. Nimeiamuru ijijibu yenyewe, kila mara, ndiyo.