Neno Lililozaliwa na Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema! Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana anatafuta fundi wa kushona viatu vya bendi. Jozi sitini! Tumebaki wawili: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayemwita Kimya. Fundi gani asiyezungumza na wateja? Mke wangu anasema nikifunga mdomo wiki moja tu, kazi ni yangu. Nimefunga. Ila kuna mchoraji anachora kwenye ukuta wa zahanati ng'ambo ya barabara, mama anatembea na mtoto. Kiatu cha mama: kushoto matundu matatu ya kamba, kulia manne. Aibu! Nikamwambia. Akashukuru, akarekebisha.

Jumanne, 4 Juni
Leo nimemwambia kuhusu goti. Goti lile ni la mbuzi. Akatupa brashi chini. Hana adabu! Mwalimu mkuu, aliyekuwa analeta kiatu cha mfano nikishone, alisikia yote, akacheka hadi miwani ikamdondoka. Akaniita ultracrepidarian. Nikamwomba aniandikie. Akaeleza kuwa ni Kiingereza adimu, mtu anayetoa maoni nje ya ujuzi wake. Asili yake Kilatini: "ultra" ni kupita, "crepida" ni ndara. Inasimuliwa kwamba zamani sana fundi viatu alikosoa ndara kwenye picha, mchoraji akakubali. Kesho yake fundi akaukosoa na mguu. Akaambiwa asipite ndara.
Fundi viatu! Waingereza wana neno zima kwa ajili yetu! Maseremala wana lipi?

Jumatano, 5 Juni
Nimemwomba mchoraji aliandike neno hilo juu ya mlango wangu. Kakubali palepale, bure, herufi nyekundu! Ana moyo mwema, goti kando. Mke wangu alitoka, akauliza maana yake. Nikamweleza. Akajifunika uso kwa kanga, akarudi ndani. Fahari imemzidi.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu mkuu kaja kuchukua mfano. Akausifu mshono. Kazi iko mkononi! Mara bendi ikapita nje ikifanya mazoezi. Nikamshauri apunguze ngoma, aongeze tarumbeta, amfukuze anayewafundisha. Anayewafundisha ni yeye. Jozi sitini zimekwenda kwa Kimya. Fitina tupu.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu amekwenda kwa kaka yake kuniombea. Shemeji atanigawia jozi ishirini, kwa sharti nishonee kwake na nisimsemeshe mteja yeyote. Nimekubali. Naona ameanza kuniogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeshona jozi mbili, kimya kabisa. Saa nne mwalimu mkuu akaingia kukagua, shavu limevimba, jino linamsumbua. Akasema anapitia kwa daktari. Daktari wa nini? Nikainua koleo langu, nikamwomba apanue mdomo. Alitoka mbio, kumbe mwepesi vile! Shemeji akanipokonya viatu vyote, akanitoa nje.
Nilipomweleza mke wangu, alikaa kitandani akalia. Niliumia, kweli niliumia. Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono, nikamweleza taratibu kwamba anakosea namna ya kupumua.