Mzimu Mla Samaki wa Nyumba ya Bagchi

Anadi Shikdar alikuwa na kanuni moja tu ya maisha: usimtapeli mjinga. Mjinga huuliza maswali. Msomi huona haya kuuliza.

Ndiyo maana alipenda kunywea chai kaskazini mwa Kolkata, kwenye baraza za mawe za mitaa ile ya zamani, ambako wastaafu huketi tangu asubuhi wakiitengeneza dunia. Siku hiyo aliyekuwa akiitengeneza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Tamonash Bagchi, mwalimu mstaafu wa fizikia na katibu wa chama cha mtaa cha kupambana na ushirikina.

"Sisemi kuna mzimu," alisema Tamonash, na sote tunajua kinachofuata mtu akianza hivyo. "Mimi ni mtu wa sayansi. Nasema tu kwamba samaki wanapotea."

"Paka," mzee mmoja akamtupia.

"Paka gani anachagua minofu ya tumbo, anaacha mkia? Tangu nikiwa mtoto samaki wanapotea nyumba ile! Sasa Poltu Saha anataka kuinunua, aibomoe, ajenge ghorofa. Amesikia habari za mzimu, amegoma. Ananiambia, 'Mwalimu, nani atanunua chumba chenye mpangaji asiyelipa kodi?'"

"Mwite mganga."

"Mganga! Mimi!" Tamonash aliweka mkono kifuani, mkono wenye pete nne za mawe. Moja ilikuwa ya kutuliza sayari ya Zohali, nyingine tatu, kwa maelezo yake mwenyewe, zilikuwa za shinikizo la damu. "Watu watanionaje?"

"Na shangazi yako ataishi wapi ukiuza?"

"Shangazi Hemnalini? Anataka kwenda Kashi, kwenye makazi ya wajane, akafie mahali patakatifu."

"Amekuambia?"

"Bado hajajua kwamba anataka."

Hapo Anadi akamaliza chai yake, akakipasua kile kikombe cha udongo mtaroni kama ilivyo desturi, akasogea. Shati lake lilikuwa jeupe na miwani yake ilikuwa mizito. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kwenye mkutano wa wataalamu na anayechelewa mwingine.

"Samahani, mwalimu. Mganga, hapana. Hiyo ni aibu kwa taifa. Lakini je, umepima?"

"Kupima nini?"

"Mtu wa sayansi hakubali na wala hakatai kabla ya kupima. Au siku hizi fizikia inafundishwa vingine?"

Tamonash alifundisha fizikia maisha yake yote, na maisha yake yote aliogopa kuulizwa swali la namna hiyo. Akajibu upesi, "Bila shaka kupima ndiyo msingi." Na kwa maneno hayo ndoano ikamwingia hadi kooni.

Chombo chenyewe kiliwahi kuwa mashine ya kurekebisha umeme wa friji. Anadi alikitoa matumbo, akabakiza sanduku, taa nyekundu na mshale, kisha akakipaka rangi ya kijivu, kwa kuwa kijivu ni rangi ya ukweli. Mshale uliruka sumaku ikikaribia, na sumaku ilikuwa kwenye kidole chake, imevaa umbo la pete ya jiwe jeusi la Zohali. Katika jiji ambalo nusu ya wanaume wanavaa pete kama hiyo, ni nani angeitilia shaka?

Alipofika asubuhi ya kazi, alikiweka chombo juu ya meza sebuleni, mbele ya Tamonash na shangazi yake, akapitisha mkono kama anayepangusa vumbi. Mshale ukaruka. Taa ikawaka.

"Mungu wangu!" Tamonash akapiga kelele, kisha akakumbuka yeye ni katibu wa nini. "Yaani... matokeo ya kuvutia."

"Yupo," Anadi akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Tunahitaji chambo. Samaki aina ya ilish, mnono, wa mto Padma. Asiwe wa barafu. Mzimu ukishakula chambo chenye mawimbi yangu, hautarudi tena. Leo alasiri mlete mnunuzi, ashuhudie mshale umelala. Ada yangu utanipa yeye akishatia saini."

Vipande vya ilish vilikaangwa vikawekwa kwenye sahani, sahani ikafungiwa stoo. Ufunguo ulirudi mahali pake pa siku zote: kwenye fungu la funguo lililofungwa pembeni mwa sari nyeupe ya Shangazi Hemnalini. Ajuza huyo alikuwa mdogo kama kifaranga, na funguo za nyumba hiyo alizibeba tangu alipofiwa na mumewe, angali msichana.

Anadi naye alikuwa na mpango wake kuhusu chambo: waya mrefu, dirisha la nyuma la stoo, na njaa. Nyumba ilipolala usingizi wa mchana, akanyata hadi dirishani.

Sahani ilikuwa tupu. Mkia tu ulibaki.

Ni vema tumtendee haki. Mtu huyu alikuwa amefukuza mizimu kwenye nyumba nyingi bila kukutana na hata mmoja, kama yule bondia anayeshinda kila siku mbele ya kioo. Sasa akauachia waya, akageuka. Angetoka mbio bila kuaga, lakini pua ilimzuia. Harufu ya haradali ilitokea kwenye jiko dogo la uani, mahali Shangazi alipopikia mboga zake za mjane, pasipoingia nyama, yai wala samaki.

Akachungulia. Shangazi aliketi sakafuni juu ya kibao, mbele yake wali na ilish ndani ya mchuzi wa haradali. Alikuwa akichambua miba kwa vidole, taratibu, huku macho yamefumba nusu kama mtu anayesikiliza muziki.

"Ingia, baba," akasema bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

"Shangazi! Wewe ni mjane! Mila inakukataza samaki!"

"Mume ndiye aliyekufa. Ulimi wangu haukuchomwa pamoja naye." Akasogeza sahani nyingine. "Kaa ule. Mwongo mwenye njaa hukosea mahesabu."

Samaki yule huliwa kwa mkono au haliwi kabisa, maana miba yake haisikii kijiko. Anadi akavua pete, akaiweka sakafuni kando ya bonti, kile kisu cha kusimama ambacho mpishi hukikanyaga akapitisha mboga kwenye makali. Pete ikateleza yenyewe. *Tak!* Ikanata kwenye chuma. Anadi alikuwa amezama kwenye haradali, hakuona. Shangazi aliona, akamwongezea wali.

"Uache mzimu wangu ukae, baba," akasema. "Ukiondoka huo, na mimi naondoka. Kashi sina mtu. Hapa nina mlango ninaoujua hata gizani."

Anadi alitema mwiba. Kwa sekunde chache uso wake ulilegea, kisha njaa ikaisha na huruma ikaisha nayo. "Shangazi, mimi nakula kwa kufukuza mizimu. Nyamaza, nami nitanyamaza. Nikisema ulichokuwa unakula, mtaa mzima utakutemea mate."

"Unafikiri watakuamini?"

Kabla hajajibu, Tamonash akaita toka sebuleni, "Profesa! Bwana Poltu amefika!"

Anadi akanawa haraka, akakimbia huku akifuta mkono kwenye suruali. Koridoni aliona kidole kitupu. Akapuuza. Leo mshale ulitakiwa ulale, na mshale usio na sumaku hulala wenyewe.

Poltu Saha, mtu mnene mwenye simu mbili, alikaa ukingoni mwa kiti, tayari kukimbia. Anadi aliwapeleka kwenye dirisha la nyuma la stoo, akawaonyesha sahani, kisha akawarudisha sebuleni.

"Umekula mlo wa kuaga. Tazameni chombo."

Mshale ulikuwa umelala. Taa ilikuwa imezimika. Poltu akashusha pumzi, akatoa kalamu.

Ndipo Shangazi akaingia na chai. Aliweka vikombe mezani, akasogea kwenye picha ya marehemu kaka yake, baba yake Tamonash, iliyoning'inia juu ya chombo. Akashika ncha ya sari ili aifute vumbi. Funguo zikalia, na katikati ya funguo, imenata kama kupe, kulikuwa na pete moja nyeusi.

"Kaka," akaiuliza picha kwa upole, "umeshiba?"

Mshale ukaruka. Taa ikawaka.

Kalamu ya Poltu ikaanguka.

"Kaka, tuuze nyumba?"

Ncha ya sari ikapita tena. Mshale ukagonga mwisho wa kioo, ukatetemeka.

"Baba!" Tamonash akalia, akaziba uso kwa pete zake zote nne. Poltu alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Bwana Poltu, ngoja! Ni hitilafu!" Anadi alipiga kelele. Aliziona funguo. Alielewa kila kitu, na hicho ndicho kilichomuumiza: angeitaja pete, angekuwa amefichua utapeli wa mashine. Akabakiwa na silaha moja. "Hakuna mzimu! Samaki anakula huyu bibi! Nimemwona kwa macho yangu!"

Poltu, aliyekuwa nje tayari, akarudi dirishani aone mtu mwovu kiasi hicho anafananaje.

"Shangazi yangu?" Tamonash alisema. "Mjane huyu? Ambaye hajagusa hata dagaa tangu kabla sijazaliwa? Bwana, mimi ni mtu wa sayansi. Naweza kukubali mengi yakipimwa. Lakini kuna mambo hayawezekani!"

"Nusa mikono yake!"

"Ninuse mikono ya shangazi yangu? Toka! Na chombo kinabaki. Hicho ndicho pekee kilichosema ukweli hapa."

Walimsukuma hadi barabarani bila ada, bila mashine, bila pete. Shangazi alimfuata mpaka kizingitini, akamtilia mkononi kifurushi cha jani la mgomba.

"Mkia," akamnong'oneza. "Una miba mingi. Kula polepole, na usiongee."

Chama cha kupambana na ushirikina kilikutana wiki hiyohiyo kuchunguza ushahidi. Kwa kuwa mshale hausemi uongo, waliazimia kwa kauli moja kwamba mzimu upo, lakini upo kisayansi. Tamonash akaapa kutoiuza nyumba ya baba yake, akaagiza kila samaki akinunuliwa, minofu ya tumbo iwekwe kando kwa ajili ya marehemu, mahali safi kuliko pote nyumbani, ambapo hapajawahi kunuka samaki.

Yaani jikoni kwa Shangazi. Hata kuiba hakuhitaji tena.