Mchwa Waliotoboa Ndege Yangu ya Kivita

Alhamisi, 2 Septemba 1943
Ndege ya kivita imetua Dodoma! Injini mbovu, iko uwanjani. Fundi wake Mzungu ametangaza mashindano ya kuchonga ndege kama hiyo kwa mbao. Mshindi ataketi kwenye kiti cha rubani. Mimi, Yotham, karani wa stoo, ndani ya ndege! Nimepata sanduku tupu la sabuni dukani kwa Bwana Jaffer. Mke wangu Sikudhani ameuliza mlango wa choo nitautengeneza lini. Nimekwenda kunoa kisu.

Jumamosi, 4 Septemba
Nimekwenda kuichungulia kwenye uzio. Ajabu! Masizi yako nyuma ya mabomba ya moshi tu. Rangi imebanduka pale anapokanyaga rubani akipanda. Na bawani, matundu matatu ya risasi! Ziliingilia juu au chini? Askari akanifukuza kabla sijajua. Jirani yangu Kefa, seremala, anachonga yake kwa mninga na kuing'arisha kama kabati la bibi harusi. Maskini. Ndege ya vita gani haina kovu?

Jumatatu, 6 Septemba
Ndege nimeshaichonga na kuipaka rangi. Masizi nimeyatoa kwenye sufuria ya Sikudhani. Rangi nimeikwangua kwa kijiko chake. Matundu yamenishinda, msumari unapasua mbao. Nimeilaza chini nyuma ya nyumba ipate vumbi.

Alhamisi, 9 Septemba
Mchwa! Wametoboa bawa, matundu matatu, kingo zimelika kabisa kama za risasi. Nimewatazama hadi nikachelewa kazini. Nani anawaonyesha pa kupinda? Kefa amenishauri niipake mafuta ya taa upesi. Wivu huo. Nimewaongezea siku mbili.

Jumamosi, 11 Septemba
Fundi ameinamia ndege yangu muda mrefu. Akauliza nilijuaje masizi yanapokaa. Akamwita mwenzake aje aone! Nikaanza kuwaza nipande kwa mguu upi. Ndipo akainyanyua. Bawa likabaki mezani. Mwili ukamwagika, unga mtupu, na mchwa wakamwingia kwenye shati. Kiti amekikalia Kefa. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 12 Septemba
Kefa amekuja kunisimulia. Nikasema sitaki kusikia. Kisha nikamuuliza mbele ya rubani kuna saa za vipimo ngapi, na kama kiti kinanuka petroli. Akasema hajui, aliogopa, alifumba macho. Alifumba macho!

Injini bado haijapona. Fundi amekubali nimletee ndege nyingine ya mbao Jumamosi ijayo. Mlango wa choo nimeshaung'oa, mbao zake laini sana. Sikudhani hajui bado. Mchwa nitawaondoa Ijumaa jioni.