Daraja la Sitini kwa Kitufe Kimoja

Jumatatu, 10 Februari 2025

Hongera kwangu. Mshenga amepeleka barua ya posa Magomeni, kwa kina Sitara. Tunataka jibu kabla ya Ramadhani. Mama yake amesema ataulizia kwanza tabia yangu. Aulizie tu! Mtaa mzima wa Kongo, hapa Kariakoo, nimeshauandaa. Muuza kahawa atasema mimi mpole. Mama ntilie atasema sikosi swala. Hata Mudi, jirani yangu wa duka, amekubali kunisifu, japo alicheka kwa muda mrefu mno.

Jumanne, 11 Februari

Msiba! Limetoka toleo jipya la Falme za Moto, ule mchezo wa mtandaoni ambao mimi ni kamanda wa kikosi cha Kariakoo. Wameweka kitufe. Mgeni akikibonyeza, anaanzia daraja la sitini. Sitini! Mimi nilifika huko kwa miaka mitatu, vidole vikiota sugu, bando likikata katikati ya vita, bosi akinifumania nyuma ya maboksi ya chaja. Hawa wanagawiwa joka la kupanda vitani kama karanga za kuonja.

Mudi, ambaye ni makamu wangu kikosini, eti amefurahi. Anasema watu wenye kazi na watoto hawawezi kupiga panya wa msituni miaka mitatu ndipo wacheze na rafiki zao. Nikamkumbusha kwamba hapa Kariakoo nilibeba marobota mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa droo ya hela. Ndiyo maana naiheshimu ile droo. Akauliza, siku ile ningepewa kitufe, nisingebonyeza? Swali la kijinga. Nikarudi kupanga chaja.

Jumatano, 12 Februari

Nimetunga sheria. Aliyepanda kwa kitufe atampa shikamoo aliyepanda kwa jasho. Kwa sauti, kikosi kizima kikisikia. Umri hauhusiki, kule ndani umri wa mtu ni daraja lake. Mudi ameniomba nifikirie tena. Wivu huo.

Mchana akaingia mgeni anayejiita Kiboko ya Wakorofi. Wa kitufe, bila shaka. Akaandika habari zenu wanangu. Wanangu! Nikamzuia hapo hapo mpaka atoe shikamoo.  Ikasikika sauti ya mwanamke, taratibu kabisa: shikamoo, Kamanda. Nikaitika marahaba binti, kakae nyuma na wachanga wenzako.

Nidhamu imerudi. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 13 Februari

Sitara kapiga simu. Analia au anacheka, sikuelewa. Kiboko ya Wakorofi ni mama yake! Goti linamsumbua, anashinda ndani, akaona badala ya kuzunguka Kariakoo kuuliza watu, aingie mchezoni anione mwenyewe.

Nimepokea shikamoo ya mama mkwe. Nimemwita binti.  Nampenda Sitara, jamani, na leo nimeogopa kweli kumkosa.

Nikapata wazo: nitasema simu yangu iliibwa jana, aliyeitika marahaba ni mwizi. Kariakoo hii, nani atabisha? Nikamtuma Mudi akathibitishe. Mudi akamwambia mama kwamba simu ipo, kilichoibwa ni akili. Rafiki wa kweli huyo.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala nikaenda Magomeni mwenyewe. Shikamoo nilianza kuitoa nikiwa bado barabarani. Mama alikuwa barazani, goti kalinyoosha, simu mkononi. Hakunifukuza. Akasema hana kinyongo, tena hoja yangu anaiona: cha kupewa tu hakimfunzi mtu. Basi nifungue jina jipya, nianze daraja la kwanza, nipande kwa jasho mpaka la kumi, nikimwamkia kila ninayemkuta. Kitufe nisikiguse. Nikifika, atajibu posa. Ukamanda ashike Mudi.

Nimekubali yote. Nimembusu mkono. Mama ana busara huyu!

Jumamosi, 15 Februari

Daraja la kwanza ni udhalilishaji. Nina fimbo. Nimeuawa na bata. Nikarudi, akaniua tena bata yuleyule. Na kitufe kiko pale juu, kinawaka.

Nikatafakari kwa utulivu. Mama alitaka jasho. Leo dukani feni imeharibika, shati limelowa mpaka mgongoni. Jasho limetoka. Nikabonyeza.

Sasa mchezo wenyewe hauna adabu. Ukakitangazia kikosi kizima, kwa tarumbeta! Mama akaja hewani, akaniita kwa jina langu. Anasubiri shikamoo. Nikapiga hesabu haraka: yeye sitini, mimi sitini. Tumekuwa rika moja. Nikamwambia mambo?

Akatoka bila kuaga. Nadhani mtandao wa Magomeni.

Mshenga amenipigia sasa hivi. Kesho anatakiwa aende akaichukue ile barua yetu. Hawa watu wana haraka kuliko nilivyodhani! Bila shaka wanataka tuiandike upya, tutaje na mahari. Nimemwambia avae kanzu mpya.