Deni la Kadi Halijui Talaka

Benki ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba enzi ya kuwasumbua wadeni imekwisha. Tangu siku hiyo hakuna mdeni atakayedaiwa, atakumbushwa tu. Kurugenzi ya Ukumbusho wa Upole ilizinduliwa, utepe ukakatwa, na Mkurugenzi akasoma waraka wake wa kwanza, ambao kila mfanyakazi aliyetaka kubaki kazini alikiri kuwa una hekima: kwa kuwa mume na mke ni mwili mmoja, deni la kadi ya mkopo ni la wote wawili, na kwa kuwa benki haikuitwa mahakamani siku ya talaka, talaka hiyo haiihusu.

Mama Maua aliletewa habari hizo mlangoni na bwana mmoja mpole, mwenye suti ya kahawia, ambaye wenzake kazini walimwita Kumbukumbu. Mama Maua alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi, na yeye mwenyewe alikuwa ameachika mwaka uleule. Mtalaka wake alikuwa amechukua kadi kwa jina lake mwenyewe, akanunua spika kubwa kuliko kabati na tiketi mbili za safari ambayo Mama Maua hakwenda.

"Mimi sikutia saini popote," alisema.

"Najua, dada. Ndiyo maana sikudai. Nakukumbusha."

"Unanikumbusha kitu ambacho sijawahi kukijua?"

"Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo."

"Kwa nini hamumfuati aliyekula?"

"Tulimfuata," alisema Kumbukumbu, akishusha macho. "Ni mkali. Mwongozo wa Kurugenzi unatutaka tuanze na wenye adabu."

Basi ukumbusho ukaanza. Kila ukumbi aliopamba Mama Maua, Kumbukumbu aliketi safu ya mbele na kukohoa kidogo kila alipopita na maua. Wageni walimdhania mjomba wa bibi harusi, wakamsogezea sahani. Harusi mbili alipigwa picha na ukoo mzima. Ila wenye shughuli walipomuuliza yeye ni nani, aliwajibu kweli tupu, kwa kuwa Mwongozo ulikataza uongo. Mteja wa kwanza akahamia kwa mpambaji mwingine, akisema hataki mkosi. Wa pili aliacha tu kupokea simu. Mama Maua akawaambia wasaidizi wake wapumzike nyumbani mpaka awaite, na wote walijua hatawaita.

"Lipa tu, mwanangu, upate usingizi," mama yake alimsihi.

"Nikilipa, mama, nitakuwa nimeolewa naye tena."

Mama yake akainuka. Akaenda kuchemsha chai.

Ikatokea Mkurugenzi anamwoza binti yake. Bibi harusi alikuwa ameipenda kazi ya Mama Maua, akamwita. Baba mtu hakujua, kwa sababu wakurugenzi hawaulizi mapazia yanafungwa na nani. Na Kumbukumbu, ambaye hakuwa na agizo la kupumzika, akaja naye.

Msajili wa ndoa alikuwa bado hajafika. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye miwani na subira fupi, alikaa jirani na Kumbukumbu.

"Wewe ni wa upande upi?"

"Wa benki, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Benki nayo imealikwa?"

"Hapana. Namkumbusha mpambaji deni la mtalaka wake."

Shangazi alilitafuna jambo hilo taratibu. "Kwa hiyo mtu akioa mwenye deni, analibeba?"

"Waraka haubagui."

"Na huyu bibi harusi wetu, ana kadi?"

Kumbukumbu alikaa wima. Siri ya mteja ni siri ya mteja. "Siruhusiwi kusema deni lake ni kubwa kiasi gani," alijibu.

Shangazi akainuka. Ukoo mzima wa bwana harusi ukainuka naye, wengine bila kujua kwa nini. Akaenda moja kwa moja hadi meza kuu.

"Mkwe, hatuna ugomvi. Tunataka kujua tu, kijana wetu anaoa mke au anaoa kadi?"

Mkurugenzi alicheka, akagundua anacheka peke yake. Binti yake alikuwa ameinamia shada lake, na bwana harusi alikuwa anamtazama kwa namna mpya. Mkurugenzi akaomba kipaza sauti.

"Ndugu wageni waalikwa. Deni ni la aliyetia saini. Si la mume, si la mke. Anayesema vinginevyo ni mpotoshaji."

"Hata baada ya talaka?" iliuliza sauti kutoka juu.

Ilikuwa ya Mama Maua, aliyekuwa kwenye ngazi akirudishia pazia lililochomoka.

"Kabla, wakati na baada," alisema Mkurugenzi, bila kumtazama, na ukumbi ukapiga makofi.

Kumbukumbu akasimama. "Mzee, hilo ni agizo?"

Mkurugenzi alimtazama mtumishi wake, akamtazama shangazi, aliyekuwa bado hajakaa. "Ni agizo. Kuanzia sasa."

Kumbukumbu akaenda chini ya ngazi. "Dada, kwa niaba ya Kurugenzi, naomba uyasahau yote niliyokukumbusha."

Mama Maua aliteremka polepole, akakaa kwenye kidato cha mwisho, akaufunika uso kwa kitambaa cha pazia. Alipoufunua alikuwa anacheka.

"Na yule mwenye spika?"

"Kesho nitamwendea, na mwenzangu mwenye misuli. Leo bado nina kazi hapahapa."

Kadi ya bibi harusi ilikuwa ya ziada tu, iliyotolewa chini ya akaunti ya mtu mwingine. Aliyeitia saini alikuwa baba yake. Kumbukumbu alingoja ndoa ifungwe na Mkurugenzi ameze keki, kisha akainama sikioni mwake na kumkumbusha deni lake kwa upole wote wa Kurugenzi.

"Nani amekutuma hapa?" alinong'ona Mkurugenzi.

"Ni wewe, mzee."

Shangazi akajisogeza, akampisha Kumbukumbu akae.