Pipa la Funza na Pazia la Stoo

Jumatatu, 2 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado nikimtazama mume wangu akitunga uzi kwenye sindano moyo unanidunda kama wa mtu aliyepanda mlima mbio. Fundi cherehani wangu. Akikata kitambaa hutoa ncha ya ulimi, nami nayeyuka.

Tatizo ni moja tu. Ukuta. Chumba chetu na cha mama mkwe vimetenganishwa na mbao nyembamba. Tukicheka, anakohoa. Tukinong'ona, anakohoa. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi. Hapa nyumbani tumegawana: mapenzi yetu, kikohozi chake.

Leo nimepata dawa. Nyuma ya banda la nguruwe kuna stoo ya matofali. Ina mlango wake, ina dirisha lake, na hakuna wa kukohoa. Ila imejaa hadi darini magunia ya dagaa na mashudu ya kulishia nguruwe. Ufunguo anao wifi, dada wa mume wangu, ndiye mlishaji wa banda zima. Anauvaa shingoni kama medali.

Nimewaza hivi: magunia yakitoka, sisi tunaingia. Na magunia yatatoka siku nguruwe watakapokula kitu kingine. Bwana mifugo alipopita juzi alisema nguruwe anataka protini, hajali imetoka baharini au jalalani. Hata funza wanafaa, wale wa nzi weusi warefu wanaofanana na nyigu. Unawafuga kwa maganda na mabaki ndani ya pipa. Pipa moja badala ya stoo nzima!

Nilimweleza mume wangu. Alisimamisha cherehani akaniuliza dirisha la stoo lina upana gani. Anataka kushona pazia. Nani mwingine ana mume kama huyu?

Jumanne, 3 Machi

Nimetoa hoja yangu wakati wa chai. Wifi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema nguruwe wa kwao hawali wadudu, ni wanyama wenye heshima zao. Nikamkumbusha kwamba juzi mmoja wa hao waheshimiwa alikula ndala yake.

Mama mkwe ndiye mwenye nguruwe na mwenye neno la mwisho. Alisema maneno hayanenepeshi. Tuchukue watoto wawili wa nguruwe wa mimba moja, wifi amlishe wake, mimi wangu, hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wangu akimzidi wa wifi kifua, magunia yatatoka stoo. Asipomzidi, yeye mama asisikie tena mtu akitaja funza watu wakiwa na vikombe mkononi.

Mume wangu aliitwa aje na futi yake ya kupimia nguo. Akawapima vifua. Sawasawa, hata unywele haukuzidi. Aliwapima kwa adabu ileile ya wateja, nusura awaulize kama wanapenda ya kubana au ya kupwaya.

Wangu nimemwita Kipenzi. Wifi kasema wake hahitaji jina, anahitaji dagaa.

Alhamisi, 5 Machi

Pipa liko nyuma ya jiko, penye joto. Nimelijaza maganda na matunda yaliyooza. Nzi weusi wamekuja. Harufu nayo imekuja. Mteja wa suti leo alijaribu koti kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa puani.

Kuna jambo dogo sikulipigia hesabu. Funza hukua kwa karibu wiki tatu, na Kipenzi ana njaa leo. Nilimwomba wifi kibaba cha dagaa, cha kuazima tu. Akashika ufunguo wake akasema aliyemtukana dagaa asitamani mkia wake. Sawa. Sitaomba tena. Mimi nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne, siwezi kubabaishwa na kitasa.

Jumamosi, 7 Machi

Nyungunyungu! Nao ni protini. Nimekwenda na mume wangu bondeni kuchimba, matembezi yetu ya kwanza tukiwa wawili tu. Yeye anaogopa kila kinachojinyonganyonga. Lakini alinishikia ndoo. Alifumba macho, akageuza uso, akaishikilia ndoo. Kama hayo si mapenzi sijui ni nini.

Kosa lilikuwa la usafi. Nyungunyungu walikuwa na matope, na mimi ni bi harusi, siwezi kuonekana nampa hata nguruwe chakula kichafu. Nikawaosha. Kwa sabuni ya unga. Kipenzi alitafuna mara mbili akaanza kutoa povu. Wifi akapiga yowe kwamba nguruwe ana kichaa. Mama mkwe akapanda juu ya benchi na umri wake ule. Bwana mifugo akaletwa mbio. Alimnusa Kipenzi mdomo, akauliza nani anamfulia mnyama huyu.

Sasa wifi ananiita Dobi. Na aniite. Kipenzi ndiye nguruwe pekee mtaani mwenye meno meupe.

Jumapili, 15 Machi

Nimechungulia pipani. Wapo. Wanene, wanachemka kama uji. Nilimwita mume wangu aje aone. Alitazama kwa jicho moja, akasema ni wazuri kwa sababu ni wangu, akaenda kukaa chini.

Kipenzi anaishi kwa pumba na matumaini. Nguruwe wa wifi anapita mbele ya banda letu kama anafanya maringo. Wifi alipita nyuma yake akisema kwa sauti kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, ila mgeni mwingine akija hata nguruwe wanaugua. Niliimba.

Pazia limekamilika. Lina maua ya rangi ya zambarau, pindo mbili. Nimelala nimelikumbatia.

Jumamosi, 21 Machi

Habari njema kuliko zote. Bwana mifugo amenieleza kwamba funza hawa wakipevuka hutoka pipani wenyewe, wakitafuta pakavu. Hakuna kuchota wala kuchambua. Unaegemeza ubao ndani ya pipa, wanapanda, wanafika juu, wanadondokea kwenye ndoo. Mavuno yanayotembea yenyewe! Dagaa gani amewahi kufanya hivyo?

Nilikosa ubao. Nikazunguka uani. Banda la kuku wa wifi lina mlango wa ubao mmoja mzuri, mpana, urefu ninaoutaka hasa. Nimeuchomoa, nikaziba pale kwa gunia. Kuku hawajui tofauti. Wifi hatagundua.

Jumapili, 22 Machi

Ubao umeegemea, ndoo iko chini. Tukavaa nguo za kitambaa kimoja alizotushonea mume wangu, tukaenda studio kupiga picha. Mpiga picha alituambia tusogeleane. Tulikuwa tumesogeleana tayari.

Tukarudi. Ndoo tupu. Kuku wa wifi, wote, wamejipanga chini ya ubao kama watu kwenye bomba la maji. Funza anafika juu, anadondoka, anadakwa hewani. Jogoo alikuwa ameshiba hata kuwika hawezi, alikuwa ananitazama tu. Gunia lilikuwa limelala chini limekanyagwa.

Wifi alitoka, akauona ubao wake, akawaona kuku wake, akanitazama mimi na nguo yangu mpya. Alisema, taratibu kabisa, asante wifi yangu kwa kunilishia.

Nimelia kidogo. Mume wangu alinipangusa machozi kwa kipande cha bitana. Kisha nikawaza: ubao umefanya kazi. Mtambo ni mzima. Wakosaji ni kuku.

Alhamisi, 26 Machi

Funza walio tayari wametoka kidogo tu, wengine bado wachanga. Kipenzi anakula viganja viwili vitatu na kunitazama kama anataka kuuliza wengine wako wapi.

Nimemwomba mume wangu jambo moja, kwa sauti ya chini sana. Jumamosi, akifika kwa Kipenzi, ailegeze futi. Kidogo. Kiasi cha vidole vinne. Akaikunja futi, akaiweka mfukoni, akasema angenipa chochote, hata macho yake, ila futi haijui mke. Siku ikijua mke hakuna mtu mjini atakayevaa suruali inayomtosha.

Nilikasirika. Nilimpenda pia. Vyote kwa pamoja vinachosha.

Upande wa pili wa mbao, kikohozi kirefu. Cha kuunga mkono futi, nadhani.

Jumamosi, 28 Machi

Nguruwe wa wifi kamzidi Kipenzi shibiri nzima. Mume wangu alitaja kipimo kama anasoma hukumu. Mama mkwe alisema basi. Wifi alibusu ufunguo wake.

Nilisimama wima. Nikasema walioshindana si nguruwe wawili, ni nguruwe mmoja na kundi la kuku. Wakaguzi wa haki wangenielewa. Mama mkwe akauliza kama chai iko tayari.

Jumatatu, 30 Machi

Mambo yamegeuka. Kuku wa wifi wanataga kama wamelipwa. Mayai yana viini vyekundu, majirani wanakuja na bakuli. Wifi amebisha hodi chumbani kwetu, mara ya kwanza tangu nije. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua ufunguo shingoni, akauzungusha kidoleni. Kasema haya: nimpe funza kwa ajili ya kuku wake, yeye atapunguza magunia. Nusu ya stoo itakuwa yetu, ataweka turubai katikati. Alisema hata mama amekubali, amechoka kukohoa, koo linamuuma.

Mume wangu alinishika mkono. Akasema, "Nusu si haba, mke wangu." Macho yake yalikuwa yameshahamia stoo.

Nilitazama pazia. Amelishona la dirisha zima. Pindo mbili, maua ya zambarau. Nilikate katikati nimpe nani? Nikamwambia wifi kwamba mimi sikuolewa nusu, silali nusu. Funza wangu ni wa nguruwe, na Kipenzi atamshangaza mtu.

Wifi alivaa ufunguo wake. Mlangoni aligeuka akasema kwa mume wangu, "Kaka, pole." Mume wangu alisema asante. Nitamuuliza baadaye alikuwa anashukuru nini.

Jumanne, 31 Machi

Nimetafakari usiku kucha na nimeona kosa lilipokuwa. Kosa ni uani. Uani kuna kuku. Funza wanataka joto, giza na pakavu, na mahali kuku hawafiki. Jibu lilikuwa chini ya pua yangu. Yaani chini ya kitanda changu.

Pipa limeingia, kwa kubanabana. Mume wangu amehamia kushonea barazani. Alisema ni kwa ajili ya mwanga.

Kilibaki kitu kimoja, ubao wa kupandia. Ule wa kuku wifi ameupigilia misumari mirefu kama vidole. Nikafikiri haraka. Mama mkwe alipokwenda dukani niliingia chumbani kwake, nikainua godoro, nikachomoa chaga moja ya kitanda. Ya katikati, ndiyo iliyonyooka. Chaga ziko nyingi, moja ikikosekana hahisi mtu. Hatagundua.

Sasa ni mchana. Naandika haya nimekaa kitandani, funza wa kwanza anapanda ubao, mzuri kama bwana harusi. Mama mkwe amerudi, ameingia chumbani kwake kujilaza. Nikatega sikio.

Leo hakukohoa. Kumesikika kishindo.

Kisha mume wangu barazani akiita mama, mama. Kisha ufunguo wa wifi ukilia kifuani kwake akikimbia. Pipa langu halikutikisika hata kidogo.